Mkono Ndani ya Joho

Kizimkazi,
2 Februari 1969

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Nyumba nzuri, skuli ipo karibu, watoto wa darasa langu watundu lakini wana akili. Wiki tatu nzima sijakuandikia kwa sababu kila nikishika kalamu hasira hunipanda, nikaiweka. Leo nimeona niandike hivyo hivyo na hasira yangu.

Baba, mimi siku ya ndoa nilikuwa chumbani na wanawake, sikuona kitu. Niliyoyajua nimeyasikia kwa watu, na huku Kizimkazi watu hawana jengine la kusema. Wanasema Mkubwa alikaa mbele yako, akanyoosha mkono ili umwozeshe, na wewe ukautazama, kisha ukatazama chini. Mikono yako yote miwili ilikuwa ndani ya joho. Ukageuka kwa Sheikh ukamwambia, "Niozeshee." Baba mzima, walii wangu, upo hapo hapo umekaa, binti yako anaozeshwa na mtu mwengine! Na wanasema uso wako haukucheka hata mara moja, mpaka mzee mmoja wa huku akauliza kama nyumba ina msiba.

Unajua wamefahamu nini? Wamefahamu kwamba mtu wa mjini hakutaka kushika mkono wa seremala wa shamba. Mama mkwe wangu, Bi Mwanapili, si mtu wa maneno mengi. Lakini juzi nilipokuwa nakuna nazi aliniuliza, "Baba yako alichelea kuchafuka?" Nikainama, nikaendelea kukuna. Nazi yote ile niliitia machozi.

Kama humtaki Mkubwa, kwa nini ulipokea posa? Mama kafa, ndugu sina. Heshima yangu kwa watu hawa ni wewe peke yako, na wewe umeitia ndani ya joho.

Njoo, Baba. Hamad wa gari la huku yupo Darajani kila siku asubuhi. Njoo umpe Mkubwa mkono mbele ya watu wake, basi, yaishe.

Binti yako,
Wanu

*

Mkunazini, Unguja,
19 Februari 1969

Mwanangu Wanu,

Marahaba. Barua nimeipata na nimeisoma mara mbili.

Mkubwa simkatai. Kijana mzuri. Nywele zake ngumu, lakini kichwa kimekaa sawa, na mimi vichwa nnavijua. Sheikh nilimpa kazi ile kwa sababu ana sauti. Yangu siku hizi haifiki hata kiti cha pili, wateja huniambia, "Msabah, unanong'ona nini?"

Uso wangu ndio huu niliozaliwa nao. Waambie hivyo.

Kuja sasa siwezi, kazi nyingi. Usinipekue, mwanangu. Kinyozi hajinyoi. Lakini nakwambia moja, na hili ulishike: Mungu akikujaalieni mtoto, kichwa chake ni changu. Nimekunyoa wewe siku yako ya arubaini, nimewanyoa watoto wa ukoo wetu wote, na hapana hata mmoja aliyetoka tone la damu. Hilo usimpe mtu.

Nisamehe mwandiko.

Baba yako,
Msabah Jecha

*

Mkunazini,
6 Juni 1969

Kwa Wanu, mtoto wa kaka yangu,

Nakuandikia kwa siri, na baba yako hajui. Nimesikia una mimba. Hongera, mwanangu, Mungu akutoe salama. Nisingependa kukutia majonzi, lakini habari hii itafika kwako kwa gari la Hamad hata nisipoandika, na itafika imeongezwa chumvi. Bora uisikie kwangu shangazi yako.

Wiki iliyopita tulikuwa na maulidi hapa mtaani. Unajua baba yako ndiye mwenye kushika mrashi kila mwaka, anawanyunyizia wageni marashi mwisho wa kisomo, mmoja mmoja, mikononi na kifuani. Basi mwaka huu naye akapita. Mie nipo dirishani na wanawake wenzangu. Mara naona watu wananusa mikono yao. Mmoja ananusa kanzu, anamtazama jirani yake. Kisha nikasikia mtu anasema kwa sauti, "Astaghfirullah! Hii pombe!"

Wallahi, Wanu, nilitamani ardhi inimeze. Ilikuwa ile spiriti anayofutia nyembe zake. Kanzu nyeupe za watu, ndani ya maulidi, zinanuka kama kilabu. Watu wakatoka mbio kwenda kubadilisha nguo, wengine wakakoga kabisa. Na baba yako kasimama na mrashi mkononi, uso umekauka, hasemi samahani, hashangai, hacheki. Angeshangaa tu basi! Watu wangesema kakosea chupa. Lakini nani atakosea chupa? Marashi na spiriti, hata mtoto anajua kwa pua. Ndiyo wakasema: huyu pua yake imeshazoea.

Tena si hilo tu. Mkono wake wa kulia unatetemeka. Akikaa barazani huuficha mfukoni au huukalia. Msibani kwa jirani alipewa kahawa, kikombe kikalia kwenye kisahani mpaka watu wote wakageuka. Anatembea kainama, anaburuza makubadhi. Siku nyengine akitaka kuinuka kitini huhangaika kama amefungwa kamba.

Nimepekua chumba chake, nisamehe Mungu. Chupa sikuiona ila ile ya spiriti. Usingizini nimemnusa mdomo. Sikusikia kitu, lakini wanasema watu wa namna hiyo hutafuna iliki. Nimechoma ubani chumba kizima ikiwa ni jicho la mtu, na yeye akaingia katikati ya moshi akaniuliza, "Kwani umeungua nini leo?"

Kibandani kwake wateja wamepungua. Nani atampa koo lake mtu anayetetemeka?

Zungumza naye, mwanangu. Mimi nimeshindwa.

Shangazi yako,
Time

*

Kizimkazi,
1 Novemba 1969

Baba,

Shikamoo.

Habari ya maulidi ilifika huku zamani. Nilinyamaza nikidhani utaniandikia mwenyewe. Hukuandika. Ile barua yako moja bado ninayo, maneno mwanzo yanasomeka na mwisho ni madogo kama mayai ya chawa. Hata wino unanibania, Baba?

Nimo mwezi wa saba. Nimefika mahali pa kukwambia neno ambalo nimelikwepa, na sasa naona likinikuta uzazini litaniumiza zaidi. Bi Mwanapili amesema siku ya arubaini mtoto atanyolewa na mjomba wa Mkubwa. Hakugomba. Alisema, "Wembe juu ya utosi wa mtoto mchanga si mchezo, na mkono wa baba yako watu wameuona." Mkubwa alinitazama mimi.

Nilikubali, Baba. Nilisema sawa.

Ningeweza kukutetea, lakini ningesema nini? Kwamba hunywi? Sijui. Kwamba mkono hautetemeki? Unatetemeka. Kila mtu anajua ila mimi, kwa sababu mimi ndiye mtu pekee uliyekataa kumwambia. Skulini mwalimu mwenzangu alinisalimia siku moja akauliza, "Mzee hajambo? Anaendelea na vitu vyake?" Na wenzake wakacheka. Nimefundisha siku ile nzima nikiwa nimegeukia ubao.

Ukija siku hiyo, njoo kama mgeni mwengine. Ule, uombe dua, urudi na gari la jioni. Nakuomba usilete wembe.

Wanu

*

Mkunazini,
20 Novemba 1969

Mwanangu Wanu,

Marahaba.

Nimefahamu. Mama mkwe wako ana haki, utosi wa mtoto si mchezo.

Kwenye kitambaa hiki nilichompa Hamad kuna wembe wangu wa mpini mweupe. Ndio uliokunyoa wewe. Nimeunoa kwa jiwe kisha kwa mkanda, nimeufuta, unakata. Mwambie huyo mjomba aulaze, asiusimamishe, na aanzie nyuma aje mbele. Maji yawe vuguvugu. Mtoto akilia asikazane naye, angoje.

Sitakuja. Siku hizi nimechoka.

Pombe sijaionja maishani mwangu. Sikwambii ili ubadilishe neno lako. Nakwambia kwa kuwa umeuliza.

Baba yako

*

Mkunazini,
18 Januari 1970

Kwa Wanu,

Hongera, hongera, hongera! Hamad kaniletea habari: msichana, na mmemwita Mwanakheir. Nimelia. Jina la marehemu wifi yangu limerudi duniani. Baba yako alipoambiwa hakucheka, lakini chozi lilimtoka, likateremka mpaka kidevuni, na uso haukutikisika. Sasa najua kwa nini.

Mwanangu, kaa kitako. Barua hii nimeapishwa nisiiandike, nimekaa na siri mwezi mzima, na sasa naona nikiendelea kunyamaza nitakwenda kuulizwa mbele ya Mungu.

Unamkumbuka Daktari Sultanali, yule mzee wa Kiismaili wa Kiponda, aliyekutibu surua? Mwaka mzima alikuwa Dar kwa mwanawe. Alirudi mwezi wa Disemba, na kama desturi yake akaja kunyolewa ndevu. Watu walishamwambia asije. Akaja. Kiti kile kilikuwa hakijakaliwa siku nyingi. Mimi nipo nyuma ya pazia nachambua mchele wa kupangia foleni, nasikia kila kitu.

Baba yako akamnyoa kimya kimya. Alipomaliza, daktari hakuinuka. Akasema, "Msabah, huo mkono wako umeanza lini?"

"Mkono gani?"

"Huo unaosokota uzi ambao haupo."

Baba yako akauingiza mfukoni. Daktari akasema, "Utoe. Nimekutazama kwenye kioo muda wote. Ukiulaza mkono, unatetemeka. Ukishika wembe ukaja kwenye koo langu, unatulia. Mkono wa mlevi haufanyi hivyo, bwana. Wa mlevi ungenichinja."

Nikaacha mchele.

Akamwambia atembee mpaka mlangoni arudi. Mkono wa kushoto ukaenda na mwendo, wa kulia ukaning'inia tu. Akamshika kiwiko akamkunja na kumkunjua, akasema kinakwama-kwama kama gurudumu lenye meno. Akamwambia agongeshe kidole na dole gumba haraka haraka: akaanza vizuri, kisha vikawa vinafunguka kidogo, kidogo, mpaka vikasimama. Akampa kalamu aandike jina lake mara nne. La nne nilidhani ni mstari.

Kisha akaniita. "Bi Time, kuna karafuu humu ndani?" Khaa! Nyumba gani Unguja isiyokuwa na karafuu? Nikaleta kiganja kizima. Akamfumbisha baba yako macho, akamwekea karafuu puani. "Nini hii?"

Baba yako akavuta pumzi. Akavuta tena. Akasema, "Mchanga?"

Wallahi nilikaa chini, Wanu. Mtu wa Unguja, mtoto wa mkata karafuu, karafuu chini ya pua yake, anauliza mchanga! Tukamletea kahawa, hakuna. Mafuta ya taa, hakuna. Mwisho mimi mwenyewe nikazileta zile chupa mbili, ya marashi na ya spiriti. Chupa zote mbili za siki, sawasawa, karatasi zilishabanduka. Akanusa moja, akanusa ya pili, akasema, "Time, miaka yote nilizijua kwa pua. Siku ile ya maulidi nilidhani nazijua." Mbele ya watu wale wote hakuthubutu kusema kwamba hanusi, kwa sababu hata yeye hakujua ni ugonjwa gani huo wa kutonusa.

Na mimi niliyemnusa mdomo usingizini, nikakosa harufu, nikaamini bado! Pua yangu mimi nzima, na niliitumia kumtafutia ndugu yangu aibu. Nikimpelekea chai siku hizi siwezi kumtazama.

Daktari akasema ni maradhi ya ubongo. Nimelisikia jina kama Pakinsoni. Ndani ya ubongo kuna mahali panapouendesha mwili wenyewe, bila mtu kufikiri: mkono ukitembea na mguu, uso ukicheka, mate yakimezwa. Hapo mahali panakauka kidogo kidogo. Ndiyo uso unakuwa kama mlango uliofungwa na mtu yumo ndani mzima. Hakuna kipimo cha damu, hakuna picha. Huonekana kwa macho tu, na mwenye kuangalia lazima atulie. Si jini, si jicho, si pombe, wala hayaambukizi. Kupona hayaponi. Kampa vidonge vinavyotuliza, vinamkausha mdomo, na kasema Ulaya wameanza dawa mpya lakini huku kwetu haijafika.

Mimi nikataka kutoka mbio mtaani niwaambie watu. Baba yako akanishika kanga. Sijawahi kumuona namna ile. Akasema, "Usimwambie mtu. Na Wanu kabisa usimwambie."

"Una wazimu? Wanakuita mlevi!"

"Na waniite. Ulevi ni wangu peke yangu, nitazikwa nao. Ukisema maradhi, watu watauliza ya nani. Watakumbuka baba yetu Jecha alitetemeka uzeeni. Watasema ni ya ukoo. Watamrudisha mwanangu na tumbo lake, na mtoto wakimtazama watakuwa wanamtazama mikono."

Umefahamu, Wanu? Siku ya ndoa yako mkono ulikuwa umeshaanza. Alijua akimpa Mkubwa, utamtetemekea kiganjani mbele ya watu wa kwao, na ndoa haijafungwa bado. Akaona bora wamwone ana kiburi. Na baadaye akaona bora wamwone mlevi.

Daktari alimwambia kwamba mara nyingi si ya ukoo, na wazee hutetemeka kwa mambo mengi. Hakusikia. Akaniapisha kwa msahafu. Nitafunga siku tatu kafara ya kiapo, na leo ndio ya kwanza.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, lakini huyu hajafa.

Time

*

Kizimkazi,
27 Januari 1970

Baba yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Usimgombeze Shangazi.

Sijui nianzie wapi. Ile barua yangu ya Novemba naikumbuka neno kwa neno, ninapomnyonyesha inanijia. "Nakuomba usilete wembe." Nilikuandikia mimi, kwa mkono huu usiotetemeka. Na wewe ukaunoa ukaniletea, ukanifundisha na maji yawe ya namna gani. Naona haya, Baba. Naona haya mpaka nashindwa kumtazama mtoto, kwa sababu paji lake ni lako.

Nimewaambia. Najua ulikataa, lakini nimewaambia. Jana baada ya alasiri nilimwita Mkubwa na mama yake, nikawasomea barua ya Shangazi yote, hata pale pa babu Jecha. 

Bi Mwanapili akauliza, "Mtoto atatetemeka?"

Nikamwambia daktari kasema mara nyingi si ya ukoo.

"Mara nyingi ndiyo mara ngapi?"

Akamchukua Mwanakheir mapajani kwangu, akamfungua kitambaa, akamtazama vidole vyote kumi. Ulichokiogopa ndicho alichokifanya, Baba, nilikiona kwa macho yangu. Kisha akamfunga tena vizuri akanirudishia, akaenda jikoni.

Mkubwa yeye alisema, "Mimi nimeoa mtu, sikuoa mikono ya ukoo." Kisha akatoka nje akapiga randa ubao mmoja mpaka magharibi.

Arubaini ni Ijumaa baada ya Idi ya Hija. Wembe wako umo ndani ya kitambaa kile kile, sijamfungulia mtu. Kichwa ni chako. Njoo, Baba. Na ukiona huwezi kunisamehe, njoo kwa ajili ya yule wa jina la Mama.

Wanu

*

Kizimkazi,
22 Februari 1970

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole na magoti yaliyokuzuia kuja. Ungekuwepo! Lakini labda bora hukuwepo, kwa sababu yapo niliyoyafanya ambayo nisingependa uyaone.

Alikuja. Gari lilifika saa tano, watu wameshajaa, wanaume barazani na uani, wanawake ndani. Hamad akamteremsha. Amevaa lile joho, Shangazi, kwenye jua lile! Amekonda. Alikuja mwendo wake wa kuburuza, mikono ndani, na watu wakampisha njia kimya, salamu za nusu nusu.

Akafika mlangoni, akasimama kwenye kizingiti.

Nilidhani anasubiri kukaribishwa. Watu wakasema karibu, karibu mzee. Hakuingia. Miguu iligandia pale chini. Unauona mwili unataka kuja mbele na miguu haitaki, visigino vinatetemeka. Daktari hakuwaambieni hilo? Kizingiti chenyewe hakifiki hata shubiri moja. Watu wakaanza kutazamana. Vijana wawili walikuwa ukutani, mmoja akasema, na hakunong'ona, "Keshapiga vyake huyo."

Kicheko kikapita.

Shangazi, mimi nilikuwa nimesimama hatua chache tu ndani, mtoto mkononi. Najua ni maradhi. Nimesoma barua, nimeisomea nyumba nzima, nimelia usiku na mchana. Na walipocheka vile, niliona haya. Yale yale ya zamani, yakanijaa mpaka masikioni. Badala ya kwenda kwa baba yangu, nilitazama chini. Nilijifanya namfunika mtoto.

Mkubwa ndiye aliyekwenda. Aliinuka katikati ya wazee, akapita mbele ya watu wote, akasimama upande wa pili wa kizingiti, akanyoosha mkono. Akasema, "Baba, nipe mkono."

Nikainua uso. Baba alimtazama. Unaujua uso wake sasa ulivyo, husomi kitu. Alikaa hivyo mpaka nikadhani atageuka arudi kwenye gari. Kisha akautoa ule mkono ndani ya joho. Ulikuwa unatikisika, kila mtu aliuona. Akauweka ndani ya kiganja cha Mkubwa, na Mkubwa akaushika kwa mikono miwili. Mguu ukanyanyuka. Akavuka.

Hakuna aliyecheka tena. Yule mzee aliyeuliza siku ya ndoa kama nyumba ina msiba, unamkumbuka, alisema, "Alhamdulillah." Sijui alisema kwa lipi.

Bi Mwanapili mwenyewe ndiye aliyeleta maji. Akatia kidole, akasema, "Vuguvugu, kama ulivyoagiza." Mimi sikumwambia kama Baba aliagiza. Kumbe ile barua iliyokuja na wembe kaisoma.

Baba akakaa kwenye kigoda, mtoto mapajani mwa Bi Mwanapili. Mkono ulitetemeka wakati anauvua wembe kitambaani. Ulitetemeka hewani kidogo. Uani nasikia kuku wanaparua. Kisha ukashuka kwenye kisogo cha mtoto, ukatulia kama mkono wa kijana. Taratibu sana, Shangazi, alichukua muda ambao zamani angenyoa vichwa vitano. Nyuma kuja mbele. Hakumtoa hata tone.

Alipomaliza akauweka wembe, akalaza kiganja juu ya kile kichwa kitupu. Na mkono, umekwisha kazi, ukaanza tena mtetemo wake. Mwanakheir alikuwa ameshaanza kukunja uso alie. Akanyamaza. Macho yakamlegea, akalala hapo hapo, kiganja kinamtikisa. Baba akataka kuuondoa haraka, na Bi Mwanapili akamwambia, "Uache. Si unambembeleza?"

Kisha watu wakala. Jioni akarudi. Nilimbusu mkono nikashindwa kusema lililokuwemo moyoni. Nakwambia wewe kwa sababu lazima nimwambie mtu: baba yangu aligandia kizingitini kwangu na mimi nilitazama chini. Usimwambie. Namwomba Mungu hakuniona.

Wanu

*

Mkunazini,
8 Machi 1970

Mwanangu Wanu,

Marahaba.

Utaona barua hii herufi zake kubwa kama za mtoto wa chuo cha Kurani. Daktari Sultanali kanipa daftari la mistari, kaniambia kila herufi iguse mstari wa juu na wa chini, na nikisahau nisimame nianze upya. Ukurasa huu umenichukua asubuhi nzima, lakini wino sikubanii.

Kibanda nimefungua. Wateja wawili jana, mmoja leo. Ukutani nimebandika karatasi, Time kaiandika: MKONO HUU UNA MARADHI, HAUNA POMBE, UKISHIKA WEMBE HUTULIA. Watu wanasimama kuisoma. Wengine wanaingia, wengine wanajishika shingo wanapita. Si kitu. Siku itakayokuwa hautulii nitaufunga mlango mwenyewe, sitangoja kuambiwa.

Mwambie Mkubwa mkono wake una sugu pale panapokaa randa. Nimeujua sasa. Mwambie ule ndio mkono niliotaka kumpa siku ile.

Wembe kaa nao. Atakuja mtoto mwengine, na kama mimi siwezi, Mkubwa ana mkono mzuri, nitakaa kando nimwelekeze.

Jengine. Time hakuniambia kitu, usimdhanie vibaya. Lakini mimi maradhi haya yameninyima pua, yameninyima uso, macho hayajaninyima. Nilipokuwa pale kizingitini nilikuona ukitazama chini.

Siku ya ndoa yako Mkubwa aliponyoosha mkono, mimi nami nilitazama chini.

Mbusu Mwanakheir kichwani, pale nilipoweka kiganja.

Baba yako,
Msabah Jecha